Simu Ikizimika, Namba ya Mama Tunaijua?

Tujiulize swali dogo: simu ikizimika sasa hivi tukiwa safarini, ni namba za watu wangapi tunazozijua kwa ghibu? Wengi wetu tutaitaja yetu wenyewe, kisha tutanyamaza. Hata ya mama hatuijui. Kazi ya kukumbuka tumeikabidhi simu, nayo huifanya vyema mpaka siku inapoibwa, inapovunjika au inapoisha chaji.

Kuhifadhi majina simuni ni neema, lakini kwahitaji mpango.

Tuanze na wazee. Mama aliye peke yake, ambaye macho yake yamepungua nuru, hawezi kusaka jina moja miongoni mwa mamia usiku wa manane. Simu nyingi za vitufe zina njia ya mkato: katika sehemu ya majina au ya mipangilio, tarakimu kuanzia 2 hadi 9 hupewa kila moja namba ya mtu. Mama akibonyeza kitufe hicho na kukishikilia kidogo, simu hupiga yenyewe. Kitufe cha 5 aghalabu kina kinundu kinachohisika hata gizani. Basi apewe mtoto au jirani aishiye karibu, awezaye kufika upesi, si yule kipenzi aliye mbali. Kisha tumzoeze mama mchana, mara kadhaa, mpaka kidole kiijue njia.

Pili, tuyatazame majina yenyewe. Mwema atakayeiokota simu ya majeruhi barabarani, “Laazizi” au “Bosi” hayatamwambia ampigie nani. “Mume” au “Mama mzazi” yatamwambia. Na kwa kuwa simu janja hufungwa kwa neno la siri, nyingi zina sehemu ya taarifa za dharura inayosomeka bila kuifungua simu. Tuijaze leo.

Tatu, wasafiri. Namba iliyohifadhiwa kwa kuanza na 0 yatosha tukiwa Tanzania. Lakini aliyekwenda Hija na kutia laini ya Saudi Arabia hatampata mkewe kwa namba hiyo. Tuiondoe sufuri ya mwanzo, tuweke +255. Namba itafanya kazi huku na huko.

Mwisho, tusiidharau karatasi. Majina yaliyohifadhiwa ndani ya simu hayahami na laini. Simu ikipotea, huenda nayo yakapotea. Tuandike namba tatu au nne za lazima, nakala moja ikae katika pochi na nyingine nyuma ya mlango, zikifuatana na 112 ya polisi na 114 ya zimamoto.

Na watoto je? Mtoto anayehifadhi sura fupi madrasa hashindwi na tarakimu kumi za namba ya mzazi wake. Tumfundishe, tumsikilize azisome, siku akipotea sokoni awe na cha kumwambia mtu mzima atakayemshika mkono.