Vigae Vilivyofichua Umri wa Skara Brae

Mwaka 1850 dhoruba kali ilipiga ghuba ya Skaill, katika kisiwa kikuu cha Orkney kaskazini mwa Uskoti, ikang'oa nyasi na mchanga uliofunika kilima cha pwani. Chini yake zikaonekana kuta za nyumba. Leo mahali hapo panajulikana kama Skara Brae, na watalii humiminika kutazama vitanda na makabati ya mawe. Vinastahili kutazamwa. Lakini swali la msingi, yaani watu hawa waliishi lini, lilijibiwa kwanza na vigae.

Gordon Childe, mwanaakiolojia mzaliwa wa Australia, alichimba hapo mwishoni mwa miaka ya 1920. Alikuta zana za mawe na mifupa pamoja na vyungu vilivyovunjika. Hata hivyo alikadiria kuwa kijiji kilikuwa cha karne chache tu kabla ya Kristo, na kitabu chake cha 1931 kilikiita kijiji cha Wapikti, watu wa kale wa Uskoti. Mwaka 1936 mwanaakiolojia mwingine, Stuart Piggott, akavilinganisha vigae vya Skara Brae na vingine vilivyookotwa pwani ya Essex, kusini mashariki mwa Uingereza. Nakshi zilifanana: mistari iliyochimbwa kwenye udongo mbichi kabla ya chungu kuchomwa. Vya Essex vilikuwa vya Zama za Mawe, basi na vya Orkney vilikuwa hivyo hivyo. Uchimbaji wa 1972 na 1973, uliotumia vipimo vya kaboni, ulimaliza ubishi. Kijiji kilikaliwa kuanzia takriban mwaka 3180 hadi 2500 KK. Kilianza karne nyingi kabla ya piramidi za Giza.

Kuna jambo kubwa zaidi. Vyungu vya mtindo huu vilianza Orkney, kisha vikasambaa kusini hadi Durrington Walls, jirani na duara la mawe la Stonehenge. Anayeitazama ramani ya leo huviona visiwa hivi kama ukingo wa dunia. Wakati ule mitindo ilitoka huko ikaigwa na watu wa bara.

Chungu kina habari hata ndani ya udongo wake. Mfinyanzi huchanganya mchanga au mawe yaliyopondwa ili chombo kisipasuke motoni. Katika kijiji cha Barnhouse, kilomita chache kutoka Skara Brae, wataalamu waligundua kwamba nyumba mbalimbali zilitumia mawe tofauti ya kuchanganyia, kana kwamba kila jiko lilikuwa na mapishi yake ya udongo.

Na kilichopikwa? Mafuta ya chakula hupenya kwenye kuta za chungu yakabaki humo maelfu ya miaka. Maabara huyatoa na kupima aina za kaboni zilizomo, kwa maana mafuta ya maziwa hutofautiana na ya nyama. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 kuhusu vyungu vya visiwa vya Uskoti ulikuta maziwa kwa wingi, na samaki kwa nadra mno. Watu waliozungukwa na bahari pande zote walitegemea ng'ombe! Matokeo haya yanapaswa kumshtua yeyote anayedhani mazingira peke yake huamua watu wale nini.

Zana za mawe nazo zina kisa chake. Jiwe la gumegume, linalopendwa kwa makali yake, halipatikani katika miamba ya Orkney. Wakazi waliokota vipande vichache vilivyotupwa ufukweni na mawimbi. Kwa kazi nyingi walibuni njia nyepesi: waliokota jiwe la mviringo ufukweni, wakalibamiza juu ya jingine, na kipande kipana kikabanduka kikiwa kisu tayari. Visu vya Skaill, kama vinavyoitwa, havipendezi macho, lakini majaribio yameonyesha kwamba vinachinja na kukata nyama vizuri sana.

Pamoja na visu hivyo vya kawaida, huko Barnhouse na katika eneo la jirani la Ness of Brodgar vimepatikana vipande vidogo vya jiwe jeusi la volkano, linalong'aa kama kioo. Asili yake ni kisiwa cha Arran, magharibi mwa Uskoti, takriban kilomita 400 kutoka hapo. Kufika Orkney kulihitaji kuvuka mlangobahari wa Pentland, wenye mikondo mikali inayoogopwa na mabaharia mpaka leo.