Njia za Kunyonyana (Sehemu ya Pili): Kangomba na miezi ya njaa

Wiki iliyopita tulitenganisha kutumia na kunyonya. Leo nawapeleka Kusini, Mtwara na Lindi, kwenye korosho, kwa sababu huko unyonyaji umepewa jina lake: kangomba.

Kangomba ni ununuzi wa korosho nje ya mnada, mara nyingi kwa bakuli au kopo badala ya mizani. Wengi wakilaani kangomba hulaani bakuli. Mimi naona bakuli linaiba kidogo tu. Kinachoiba sana ni kalenda. Korosho huanza kuvunwa Septemba na Oktoba. Kusini mvua ni za msimu mmoja, kwa hiyo Januari hadi Machi chakula cha mwaka jana kimekwisha na cha mwaka huu bado kiko shambani. Shule nazo zimefunguliwa. Katikati ya mwaka mkulima anatakiwa apulize salfa, la sivyo ubwiri unga utakausha maua. Mahitaji yote haya yanamfika wakati hana hata punje moja ya kuuza.

Hapo ndipo mwenye duka, tena jirani anayemwita mjomba, anapofungua daftari. Tuchukue mfano wa hesabu: Februari anakopesha shilingi 30,000, alipwe kilo 30 za korosho. Novemba, bei ikiwa shilingi 3,300 kwa kilo, kilo hizo ni shilingi 99,000. Faida ya 69,000 katika miezi tisa ni zaidi ya mara mbili ya mtaji. Hakuna benki ingethubutu kutoza riba hiyo waziwazi. Lakini daftari halitaji riba popote. Linataja kilo, na mkopaji anaondoka akishukuru, maana usiku huo watoto watakula.

Kagera desturi hii huitwa butura: kahawa huuzwa ikiwa ingali maua. Majina ni mawili, ila bidhaa inayouzwa ni ileile, yaani shida ya mtu kabla ya mavuno yake.

Serikali haikukaa kimya. Sheria ya Stakabadhi za Maghala ilipitishwa mwaka 2005, na kwenye korosho mfumo ulianza msimu wa 2007/08: mkulima anapeleka mzigo chama cha msingi, unapimwa kwa mizani, unakaa ghalani, wanunuzi wanashindana mnadani. Kwa upande wa bei ni mfumo mzuri, nami nautetea. Ila unamwambia mwenye njaa asubiri mnada, kisha asubiri malipo, kisha apokee yaliyobaki baada ya makato. Malipo yakichelewa, hata aliyeapa kutogusa kangomba hurudi dukani kwa mjomba.

Mwaka 2018 jambo hili lilionekana wazi kuliko wakati wowote. Wanunuzi walitoa bei ndogo, wakulima wakagoma kuuza, na mwezi Novemba Rais Magufuli akatangaza kwamba Serikali itanunua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, jeshi lizisombe. Ili fedha zisiwafikie wa kangomba, ukafanywa uhakiki: mwenye mzigo mkubwa aonyeshe shamba lake. Nia ilikuwa njema. Lakini uhakiki ulichukua muda, na miongoni mwa waliosubiri fedha walikuwamo hata wale ambao hawakuwahi kumdai mtu wala kudaiwa.

Tena uhakiki ulikuwa na kikwazo kingine, nacho hakisemwi vya kutosha. Korosho nyingi za kangomba haziingii ghalani kwa jina la aliyezinunua. Huingia kwa jina la mkulima, kwa kuwa ndiye aliyesajiliwa chamani. Ukiitazama stakabadhi unamwona yeye, kilo zake na kijiji chake. Fedha zikishuka zinapita mikononi mwake siku moja, kisha zinakwenda kufuta mstari wa Februari kwenye daftari la dukani. Akifika nyumbani ni Januari tena.

(Sehemu ya tatu, wiki ijayo: lumbesa.)