Jiwe Lenye Macho

Msikilizaji, maji yakipwa huko Matemwe, kaskazini mashariki ya Unguja, kinamama huteremka pwani, wengine kwenye mashamba ya mwani, wengine kuchokoa pweza mwambani. Kazi yenyewe ni kukanyaga mahali usipopaona vizuri. Na hapo ndipo anapolala samaki tutakayemwita samaki-jiwe.

Sura ya samaki hana. Magamba hana pia. Ngozi yake ina vinundu kama ya chura, huota majani ya baharini, na rangi yake hufanana na mwamba alipo. Macho na mdomo vimeelekea juu. Kwa mapezi yake mapana ya ubavuni hujichimbia mchangani akatulia tuli mpaka dagaa apite. Kufumba na kufumbua, keshamezwa!

Watu husema samaki huyu hushambulia. Si kweli, yeye hamfuati mtu. Mgongoni ana miiba 13 hivi, na kila mwiba una vifuko viwili vya sumu. Uzito wako wewe ndio unaovikamua: kadiri unavyokandamiza mguu, ndivyo sumu inavyozidi kuingia. Kandambili haifui dafu. Na maji yakimwacha mkavu huishi saa nyingi, usidhani amekufa.

Aliyechomwa atumbukize mguu katika maji ya moto ya kuvumilika, yasiyounguza, kwa nusu saa au zaidi, maana joto huvunja nguvu ya sumu. Na safari ya hospitali ipangwe papo hapo. Joto alipime mtu mwingine kwa mkono wake. Mguu wenye maumivu yale haupimi kitu.