Shubiri ni haluli, si dawa ya kila tumbo

Kila Ramadhani inapoingia, malalamiko ya kukosa choo huzidi mitaani kwetu. Mtu ameshinda bila maji, futari ni viazi, kaimati na sambusa, na siku ya tatu tumbo limekaza. Hapo shubiri hutolewa kabatini. Wengine huinywa mwaka mzima kwa kila tumbo linalouma, iwe gesi, kichefuchefu au msokoto. Mimi si mpinzani wa dawa za wazee wetu, lakini naona tumesahau kazi hasa ya shubiri, na kusahau huko kwaweza kuua.

Kwanza tujue tunachokinywa. Jani la mshubiri lina vitu viwili. Katikati mna ute unaoteleza, ule tunaopaka ngozi iliyoungua. Chini ya ganda mna utomvu wa manjano, nao ndio mchungu. Ukikingwa na kukaushwa huwa donge jeusi, ndiyo shubiri ya dukani. Uchungu wake mwingi watokana na kitu kiitwacho aloini.

Aloini haifanyi kazi papo hapo. Hupita mpaka utumbo mpana, ambako vijidudu vya humo huigeuza, kisha utumbo husukuma kwa nguvu na maji huzuiwa yasinyonywe. Safari hiyo huchukua saa 6 hadi 12. Basi anayekunywa saa mbili usiku, akaona kimya, akaongeza nyingine saa nne, hajaongeza tiba. Dozi zote mbili zitamwamkia alfajiri.

Kipimo nacho ni kidogo mno. Kitabu cha Shirika la Afya Duniani cha mwaka wa 1999 kuhusu mimea ya dawa chataja kati ya gramu 0.04 na 0.17 za shubiri kavu kwa siku kwa mtu mzima, kutegemea aina. Kijiko cha chai cha sukari ni kama gramu 4. Kile "kipande kidogo" kinachokatwa kwa kukisia chaweza kuwa mara kumi ya kipimo, na utomvu mbichi hakuna awezaye kuupima nyumbani. Ukihitaji haluli, ni salama zaidi kununua duka la dawa iliyoandikwa kipimo.

Hatari kubwa ni kunywa haluli bila kujua tumbo laumwa na nini. Kama ni kidole tumbo, au utumbo umeziba, kuulazimisha usukume kwaweza kuupasua. Maumivu makali yasiyopoa, hasa yakihamia chini upande wa kulia, kutapika, homa, damu chooni, au tumbo kujaa bila kutoa hata upepo: hizo ni dalili za kukimbilia hospitali, si za kutafuta shubiri.

Wako pia wasiofaa kuinywa kabisa: waja wazito, wanaonyonyesha, watoto wa chini ya miaka 10, na wagonjwa wa figo. Kuharisha huondoa madini ya potasiamu, ambayo moyo huyahitaji ili upige sawasawa. Kwa hivyo anayetumia dawa za moyo, au dawa za presha zinazomkojoza, asiiguse bila kumuuliza daktari. Na mama anayejipaka chuchu ili kumwachisha mtoto ziwa ajue kwamba mtoto akilamba anameza haluli.

Hata kwa mtu mzima mwenye afya, isizidi wiki moja au mbili, maana utumbo huzoea kusukumwa ukasahau kujisukuma. Choo kikiendelea kufunga baada ya hapo, kuna sababu inayotakiwa kutafutwa hospitali.

Kabla ya yote hayo, jaribuni maji, bilauri moja moja tangu futari hadi daku. Ongezeni papai, mchicha na kunde, na baada ya tarawehe tembeeni kidogo. Wengi wetu hatutahitaji zaidi ya hapo.