Ruzuku Inapohama Kutoka Mezani: Kadi, Simu na Haki ya Mlengwa

Kwa miaka mingi ruzuku za Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini zilipokelewa mezani. Siku ya malipo walengwa walikusanyika kwenye ofisi ya kijiji au chini ya mwembe, majina yakasomwa kwa sauti, kila mmoja akaonyesha kitambulisho chake, akahesabiwa fedha mbele ya majirani na kutia sahihi au dole gumba. Aliyepunjwa alisema papo hapo, na kijiji kizima kikasikia.

Meza hiyo ilikuwa na gharama zake. Fedha taslimu zilipaswa kusafirishwa zikiwa na ulinzi, kwa gari hadi Nanjirinji na Miguruwe, kwa chombo cha baharini hadi Songosongo. Mzee aliyelima mbali alipoteza siku nzima, pengine mbili, akisubiri zamu yake. Aliyekuwa mgonjwa siku hiyo alikosa, na kila aliyetoka pale alijulikana ana kiasi gani mfukoni. Mwenye duka aliyemkopesha hakuwa na haja ya kuuliza. Ndiyo sababu Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, yaani TASAF, umekuwa ukihamisha malipo hatua kwa hatua kwenda kwenye simu za mkononi na akaunti za benki, hasa tangu awamu ya pili ya Mpango ilipozinduliwa Februari 2020. Kwa wakulima wa ufuta na korosho jambo hili si geni, kwa kuwa malipo yao ya mnada yamekuwa yakipitia vyama vya msingi na kuingia benki. Tofauti ni kwamba wengi wa walengwa wa TASAF ni wanawake na wazee ambao hawajawahi kuwa na akaunti, na kiasi wanachopokea ni kidogo mno kuweza kuhimili hasara yoyote.

Inafaa kukumbusha fedha hizi ni za nini. TASAF ilianza mwaka 2000, na Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini ulianzishwa mwaka 2012. Kaya hupata malipo kila baada ya miezi miwili. Kwa viwango vya awamu ya kwanza, ruzuku ya msingi ilikuwa shilingi 10,000 kwa mwezi; kaya yenye watoto iliongezewa 4,000, na kila mwanafunzi wa shule ya msingi 2,000, ili mradi mahudhurio yake yasipungue asilimia 80. Watoto wadogo nao walipaswa kufikishwa kliniki. Kaya yenye wanafunzi 2 wa msingi kwa hesabu hiyo ilipata 18,000 kwa mwezi, yaani 36,000 kwa kila malipo. Serikali haigawi hapa mahindi wala maharage. Hata hivyo, sehemu kubwa ya fedha hizo huishia kwenye unga, mchele na mafuta ya kula, na kwa kaya nyingi msaada wa fedha na msaada wa chakula ni kitu kimoja chenye majina mawili.

Sasa, kadi ni nini? Wakazi wa Kilwa wanaishi jirani na magofu ya mji uliofua sarafu zake wenyewe karne nyingi zilizopita, sarafu ndogo za shaba zenye majina ya masultani. Sarafu ina sifa moja: humtumikia yeyote aliyeishika. Ikidondoka, imekuwa ya aliyeiokota. Kadi ya malipo imebuniwa kinyume chake. Thamani haimo ndani ya plastiki. Kadi ni ufunguo tu wa akaunti, na ufunguo huo haufungui mpaka mwenyewe athibitishwe, ama kwa namba ya siri ama kwa alama ya kidole. Katika kadi zenye chipu, kile kipande kidogo kinachong'aa ni kompyuta ndogo inayotunza taarifa kwa njia iliyofichwa. Katika baadhi ya mifumo alama ya kidole hutunzwa humo humo, hivyo mashine ya wakala hulinganisha kidole cha mlengwa na kile kilichomo kwenye kadi, hata kama mtandao haupo.

Jirani zetu wa Kenya wamelifanyia kazi jambo hili kwa muda mrefu. Mpango wao wa kukabiliana na njaa katika maeneo makavu ya kaskazini, Turkana, Marsabit, Wajir na Mandera, ulianza kulipa mwaka 2009 kwa kadi zenye chipu na alama za vidole, kupitia Benki ya Equity. Kiwango cha mwanzo kilikuwa shilingi 2,150 za Kenya kwa kila miezi 2, nacho kilikadiriwa kwa kutazama thamani ya mgao wa chakula wa Shirika la Mpango wa Chakula Duniani. Badala ya kusubiri lori la mahindi, mfugaji alikwenda kwa mwenye duka aliyeteuliwa kuwa wakala, akachomeka kadi, akaweka kidole, akapewa fedha. Hakulazimika kufika siku maalumu. Kaya iliruhusiwa pia kusajili mtu wa pili wa kupokea kwa niaba yake, jambo lililowafaa wazee wasioweza kutembea. Katika awamu iliyofuata, karibu kaya zote za maeneo hayo zilifunguliwa akaunti hata kama hazikuwa kwenye orodha ya kudumu, ili ukame ukizidi zilipwe bila kuanza usajili upya.

Matatizo yaliyojitokeza kule hayakuwa ya chipu. Yalikuwa ya dukani. Wakala aliishiwa fedha taslimu. Mashine iliharibika na fundi alikuwa mbali. Baadhi ya wenye maduka walitaka mlengwa anunue bidhaa kwao kwanza, kwa bei yao, ndipo wampe kilichobaki. Wengine waliachiwa kadi kama dhamana ya deni, na mlengwa akawa hajui tena ni lini amelipwa. Majirani waliozunguka meza ya kijiji hawakuwapo tena. Palikuwa na mtu mmoja mwenye njaa na mtu mmoja mwenye mashine.

Marekani nako wamejifunza somo la aina nyingine. Vitabu vya kuponi za chakula vilibadilishwa kuwa kadi, na kufikia 2004 majimbo yote yalikuwa yakitumia kadi. Lakini kadi hizo zilikuwa na ukanda wa sumaku usio na chipu, na ukanda huo hunakiliwa kwa urahisi. Wezi walibandika vifaa vya kunakili juu ya mashine za madukani, na familia zikafika kununua chakula na kukuta salio limekwisha. California ilianza kutoa kadi zenye chipu kwa wanufaika wake mwaka 2025, zaidi ya miaka 20 baada ya kuponi kuanza kusahaulika.

Katika Wilaya ya Kilwa, kwa mlengwa wengi wa vijijini, kadi yenyewe ni laini ya simu. Hapa pana jambo linalohitaji kuangaliwa kwa makini kuliko yote. Tangu usajili wa laini kwa alama za vidole ulipoanza mwaka 2019, kila laini ina mwenyewe anayetambulika kwa namba ya Kitambulisho cha Taifa. Bibi ambaye hakuwa na namba ya NIDA wakati ule mara nyingi alisajiliwa laini kwa jina la mjukuu au mkwe. Kwa kupiga simu hakuna tatizo. Kwa kupokea ruzuku, tatizo ni kubwa: kisheria fedha zimeingia kwa mjukuu, na jina la mpokeaji halilingani na jina lililo kwenye orodha ya walengwa. Mjukuu akihamia Dar es Salaam na laini yake, ruzuku nayo imehama. Kila mlengwa mwenye namba ya NIDA anaweza kupiga *106# bila malipo na kuona ni laini zipi zimesajiliwa kwa jina lake. Kama laini anayolipiwa haimo, marekebisho yafanyike kabla ya malipo yanayofuata, si baada yake.

Kidole nacho kina mambo yake. Mwanamke aliyebangua korosho kwa miaka mingi anajua jinsi mafuta ya ganda yanavyounguza ncha za vidole. Wakulima wa mwani wanaoshinda majini, wavuvi wanaovuta kamba na wazee ambao ngozi imelainika kwa umri hukuta mashine inawakataa mara ya kwanza, ya pili na ya tatu. Mashine kukataa hakumaanishi kwamba mtu si yeye. Vidole visafishwe na kukaushwa, vingine vijaribiwe, na ikishindikana kabisa afisa anayehusika na usajili aelezwe. Mlengwa asikubali kidole cha mtu mwingine kisajiliwe mahali pa chake ili kumaliza foleni haraka. Siku hiyo huonekana ni msaada; baadaye ni huyo mwingine tu ndiye awezaye kufungua.

Namba ya siri inaelezwa kila mara na inaendelea kutolewa kila mara, pengine kwa sababu maelezo hutolewa kana kwamba kila mtu anasoma. Asiyejua kusoma hulazimika kumkabidhi wakala simu yake na kumtajia namba. Hilo halistahili lawama, ila linahitaji mpango. Tarakimu 4 zinaweza kujifunzwa kwa mahali vidole vinapogusa, kama mtu anavyojua njia ya kisimani gizani. Pale isipowezekana, mlengwa aende na ndugu mmoja yule yule kila mara, aliyemchagua mwenyewe, na namba ibadilishwe pindi wakigombana. Hakuna mtumishi wa TASAF, wa benki wala wa kampuni ya simu mwenye sababu ya kuuliza namba ya siri. Ujumbe unaodai kwamba ruzuku imezuiwa mpaka fedha fulani zitumwe kwanza ni wa kitapeli, na namba iliyoutuma hutumwa kwenda 15040.

Hesabu ya makato nayo ijulikane. Makato ya kutoa fedha hupangwa na kampuni, na wakala anatakiwa kuyaweka wazi. Hana ruhusa ya kuongeza «ya soda». Kwa kaya iliyotajwa hapo juu, wakala akichukua 2,000 kila malipo, kwa malipo 6 ya mwaka amechukua 12,000. Hiyo ilizidi ruzuku ya msingi ya mwezi mzima. Ujumbe wa simu unaoonyesha kiasi kilichoingia na kilichotoka usifutwe. Ndio unaoshika nafasi ya wale majirani waliokuwa wakishuhudia mezani. Mlengwa asiyesoma ausomewe na mtu mwingine, asisomewe na wakala.

Lipo jambo moja ambalo simu haijalitatua. Wakala hulipa kwa fedha taslimu alizonazo, na fedha hizo hutoka benki kwa barabara ile ile. Mapema Mei 2024, mvua zilizoambatana na Kimbunga Hidaya ziliikata barabara kuu eneo la Somanga, na safari kati ya Dar es Salaam na mikoa ya kusini zikasimama kwa siku kadhaa. Katika hali kama hiyo salio linaweza kuonekana kwenye simu na unga usinunulike, kwa sababu wakala hana kitu kwenye droo. Nguvu ya mtandao nayo hutofautiana sana kati ya Nangurukuru na vijiji vya ndani. Walengwa wa maeneo yanayokatika masika wanashauriwa wasitoe fedha yote siku moja wala wasiiache yote kwenye simu. Kutoa kwa sehemu kuna gharama ya makato, lakini njaa ya siku 5 ina gharama zaidi. Faida moja imebaki: fedha ambayo haikutolewa leo haipotei kwa kuwa siku ya malipo imepita.

Ieleweke pia kwamba simu, kadi na kidole haviamui nani ni mlengwa. Kaya hutambuliwa katika mkutano wa kijiji na kuhakikiwa kabla ya kuandikishwa, na jina likikosekana kwenye orodha wakala hawezi kuliongeza wala kuliondoa. Malalamiko kuhusu orodha hupelekwa kwa mtendaji wa kijiji na kwenye kamati ya usimamizi ya jamii. Malalamiko kuhusu muamala huanzia kwa kampuni ya simu au benki, yakiambatana na ule ujumbe uliohifadhiwa. Pale panapodaiwa rushwa ili jina lipite au fedha itoke, TAKUKURU hupokea taarifa kwa namba 113, na simu hiyo hailipiwi.

Mlengwa anayepokea kwa niaba ya kaya akifariki, haki ya kaya haifi naye. Ruzuku ni ya kaya. Familia isiendelee kutoa fedha kwa laini ya marehemu, hata kama namba ya siri inajulikana, kwa sababu siku laini hiyo itakapofungwa hakutakuwa na mpokeaji anayetambulika. Taarifa itolewe mapema kwa mtendaji wa kijiji, pamoja na jina na namba ya NIDA ya mtu mzima mwingine wa kaya atakayepokea, naye ataifikisha kwa mratibu wa TASAF katika ofisi za halmashauri, Kilwa Masoko.