Paul Cook: Kocha aliyeshinda uwanjani, akaangushwa na hesabu za wenye klabu

USIKU wa Julai 22, 2020, mwamuzi alipopuliza filimbi ya mwisho katika uwanja wa DW mjini Wigan, kaskazini magharibi mwa Uingereza, majukwaa yalikuwa matupu kwa sababu ya ugonjwa wa corona. Wenyeji, Wigan Athletic, walikuwa wametoka sare ya bao 1-1 na Fulham.

Kwa pointi 59 walizovuna msimu mzima, walistahili nafasi ya 13 kati ya timu 24 za Championship, ambayo ni ligi ya daraja la pili. Lakini msimamo rasmi uliwaonyesha wakiwa nafasi ya 23 kwa pointi 47. Walikuwa wameteremka daraja.

Wiki moja baadaye kocha wao, Paul Cook, alijiuzulu. Hakuondoka kwa sababu ya matokeo mabaya. Tangu ligi iliporejea mwezi Juni baada ya kusimama kwa ajili ya corona, timu yake ilikuwa imepoteza mchezo mmoja tu kati ya tisa.

Kisa cha Cook kinastahili kuelezwa kwa mapana, kwani kinaonyesha upande wa soka la Uingereza usioonekana mara nyingi katika televisheni. Ni upande wa wachezaji na makocha wanaohama kutoka mji hadi mji, ambao hatima ya kazi yao mara nyingi huamuliwa na watu wasiovaa viatu vya mpira.

Mguu wa kushoto, klabu nane

Cook alizaliwa Liverpool mwaka 1967. Alikuwa kiungo wa mguu wa kushoto, asiyesifika kwa kasi bali kwa macho ya kuona nafasi na pasi ndefu zenye shabaha.

Alianza soka la kulipwa Wigan mwaka 1984, wakati klabu hiyo ilikuwa na miaka sita tu tangu ipokewe katika ligi rasmi. Mwaka 1988 alinunuliwa na Norwich City ya daraja la juu, lakini huko alicheza mechi chache tu, na mwaka uliofuata akaenda Wolverhampton Wanderers.

Wolves ndiko alikokaa muda mrefu zaidi, miaka mitano, katika timu iliyomtegemea mshambuliaji Steve Bull kwa mabao. Mwaka 1994 akasajiliwa na Coventry City na hatimaye akaionja Ligi Kuu. Baada ya hapo zikafuata Tranmere Rovers, Stockport County na Burnley, aliyoisaidia kupanda hadi daraja la pili mwaka 2000.

Alimalizia Accrington Stanley, klabu ndogo iliyorejea katika ligi rasmi mwaka 2006. Wakati huo Cook alikuwa na umri wa miaka 39. Kwa jumla alikwisha kucheza zaidi ya mechi 500 za ligi katika klabu nane, bila kuwa nyota wa gazeti lolote la kitaifa.

Wachezaji wa namna hii ndio nguzo ya soka la Uingereza. Ligi rasmi ina klabu 92 katika madaraja manne, 20 katika Ligi Kuu na 24 katika kila daraja la chini yake. Wachezaji wengi hukaa katika madaraja hayo ya chini maisha yao yote, wakihama kila mkataba unapokwisha, na wakistaafu hawana akiba ya kuwatosha kupumzika. Ukocha kwao ni ajira ya lazima kama ilivyokuwa ajira ya kucheza.

Shule ya Sligo

Kibarua cha kwanza cha Cook kiliota nyasi mapema. Aliinoa Southport, klabu ya daraja la tano, kwa miezi michache tu na kuondolewa Januari 2007.

Akavuka bahari kwenda Jamhuri ya Ireland, kuifundisha Sligo Rovers, klabu ya mji mdogo wa magharibi mwa nchi hiyo. Alikaa huko karibu miaka mitano. Sligo ilitwaa Kombe la FAI mara mbili mfululizo, mwaka 2010 dhidi ya Shamrock Rovers na 2011 dhidi ya Shelbourne, fainali zote mbili kwa mikwaju ya penalti.

Katika kikosi chake cha mwanzo alikuwamo kijana mmoja, beki wa kulia aitwaye Seamus Coleman. Januari 2009 Everton ilimnunua kwa pauni 60,000 tu. Kijana huyo akaja kuwa nahodha wa Everton na wa timu ya taifa ya Ireland, na mashabiki wa Everton wakatunga wimbo kuhusu bei yake.

Sligo ilipata pauni 60,000, Everton ikapata beki wa kumtumia kwa zaidi ya muongo mmoja, na kocha aliyemlea akabaki na kumbukumbu. Jambo la namna hiyo lingemrudia Cook mara kadhaa.

Kupandisha timu

Cook alirudi Uingereza mwaka 2012, kwanza Accrington na kisha, Oktoba mwaka huo huo, Chesterfield. Mwaka 2014 Chesterfield ilitwaa ubingwa wa daraja la nne, na msimu uliofuata ikafika mchujo wa kuwania kupanda daraja la pili, ikatolewa na Preston North End.

Mwaka 2015 aliitwa Portsmouth. Klabu hiyo ilitwaa Kombe la FA mwaka 2008, lakini miaka miwili baadaye ikawa ya kwanza ya Ligi Kuu kukabidhiwa kwa wasimamizi wa mufilisi. Ilianguka hadi daraja la nne, na mwaka 2013 ikaokolewa na mashabiki wake walioinunua kwa kuchangishana.

Msimu wa kwanza Portsmouth ilikwama katika mchujo. Msimu wa pili, 2016/17, iliingia siku ya mwisho ikiwa imekwisha kupanda daraja lakini ikizifukuza Plymouth Argyle na Doncaster Rovers kileleni. Iliicharaza Cheltenham Town mabao 6-1, wapinzani wote wawili wakateleza, na ubingwa ukaenda Portsmouth.

Wiki chache baadaye Cook aliondoka na kwenda Wigan, klabu aliyoanzia maisha. Wigan ilikuwa imeshuka hadi daraja la tatu. Msimu wake wa kwanza, 2017/18, ilitwaa ubingwa kwa pointi 98.

Msimu huo huo ilizitoa Bournemouth na West Ham katika Kombe la FA. Kisha, Februari 19, 2018, ikaitoa Manchester City ya Pep Guardiola kwa bao 1-0. City ilicheza pungufu baada ya Fabian Delph kupewa kadi nyekundu, lakini bado ilimiliki mpira kwa sehemu kubwa ya mchezo, hadi Will Grigg alipofunga dakika ya 79. Cook na Guardiola walionekana wakijibizana vikali walipokuwa wakielekea vyumbani wakati wa mapumziko.

Kanuni ya pointi 12

Ni vyema kueleza jinsi mafanikio hayo yalivyogeuka msiba.

Novemba 2018 familia ya Dave Whelan, iliyoimiliki Wigan tangu 1995 na kuifikisha Ligi Kuu, iliiuza kwa kampuni ya Hong Kong. Mwaka 2020 kampuni hiyo nayo ikaiuza kwa wamiliki wengine. Wiki chache tu baada ya kuichukua, Julai 1, 2020, wamiliki hao wapya waliikabidhi klabu kwa wasimamizi wa mufilisi.

Maana yake ni kwamba klabu haiwezi tena kulipa madeni yake. Wataalamu wa hesabu huchukua madaraka, hupunguza gharama, huuza kinachouzika na kutafuta mnunuzi. Siku chache baadaye wafanyakazi 75 wa Wigan walipoteza ajira.

Kwa kanuni za ligi, klabu inayofikia hatua hiyo hukatwa pointi 12. Lengo ni kuzuia wamiliki kutumia fedha wasizonazo ili kushinda, kisha kuwakimbia wadai. Lakini kwa kuwa Wigan ilifilisika msimu ukielekea ukingoni, muda wa adhabu ulitegemea nafasi yake. Kama ingemaliza miongoni mwa timu tatu za mwisho, ingeshuka na pointi zingekatwa msimu uliofuata. Kama ingeponea uwanjani, zingekatwa palepale.

Kwa hiyo Cook alipaswa kuwaambia wachezaji, ambao hawakuwa na uhakika wa mishahara yao, kwamba kubaki salama hakutoshi. Ilibidi wawe juu kiasi cha kuweza kupoteza pointi 12 na bado wabaki.

Walifungwa na Brentford 3-0 siku tatu baada ya tangazo, kisha hawakupoteza tena. Julai 14 waliifunga Hull City 8-0, mabao saba yakiingia kabla ya mapumziko. Lakini walitoka sare na Barnsley na Charlton, na siku ya mwisho walihitaji kuifunga Fulham. Kieffer Moore aliwapatia bao la kuongoza, Neeskens Kebano akasawazisha.

Jioni hiyo hiyo jijini London, Clarke Oduor, mzaliwa wa Siaya nchini Kenya aliyekwisha kuichezea Harambee Stars, aliifungia Barnsley bao la ushindi dhidi ya Brentford katika dakika za nyongeza. Barnsley ikamaliza na pointi 49 na kuponea chupuchupu, huku Charlton ikishuka kwa pointi 48.

Laiti Wigan ingeshinda, nayo ingekuwa na pointi 49, na kwa uwiano mzuri zaidi wa mabao ingeipita Barnsley. Bao moja lilitenganisha maisha ya miji miwili. Rufaa ya Wigan dhidi ya adhabu hiyo ilitupwa mwezi Agosti.

Mkulima mmoja, walaji wengi

Kikosi kiliuzwa. Beki wa kushoto Antonee Robinson alikwenda Fulham, kinda Joe Gelhardt akaenda Leeds United. Wigan ilipata mnunuzi Machi 2021, kundi lililoongozwa na mfanyabiashara wa Bahrain, ikapanda tena 2022, na mwaka 2023 ikashuka, ikiwa pia imekatwa pointi kwa kuchelewesha mishahara. Safari hii Cook hakuwapo, lakini ugonjwa ulikuwa ule ule.

Yeye alichukuliwa na Ipswich Town Machi 2021. Mwezi uliofuata klabu ikapata wamiliki wapya wenye fedha, na katika dirisha la kiangazi akabomoa kikosi na kuunda kingine. Miongoni mwa waliosajiliwa ni Wes Burns, Conor Chaplin aliyekuwa naye Portsmouth, na Sam Morsy, kiungo wa timu ya taifa ya Misri aliyemfundisha Chesterfield na Wigan.

Timu mpya haikuungana haraka. Desemba 4, 2021, baada ya sare tasa na Barrow katika Kombe la FA, Cook alifukuzwa.

Mrithi wake, Kieran McKenna, aliipandisha Ipswich mara mbili mfululizo, 2023 na 2024, hadi Ligi Kuu. Sifa hizo ni haki yake, maana aliwafanya wachezaji hao wacheze kuliko walivyowahi kucheza. Lakini nahodha aliyeongoza safari hiyo ni Morsy, na Chaplin na Burns walikuwa mihimili yake. Wahenga walisema mkulima ni mmoja, walaji ni wengi.

Haitakuwa haki, hata hivyo, kumchora Cook kama mtu wa kuonewa tu. Portsmouth ilimpoteza kwa hiari yake mwenyewe, wiki chache baada ya sherehe za ubingwa, na wapo mashabiki walioliona jambo hilo kuwa usaliti. Ipswich ilimpa karibu kila mchezaji aliyemtaka, na matokeo hayakuja kwa wakati.

Kurudi Chesterfield

Februari 2022 alirejea Chesterfield. Klabu aliyoiacha ikigombea kupanda daraja la pili alikuta imeanguka hadi la tano, nje ya ligi rasmi, tangu 2018.

Kutoka huko ni kazi ngumu, kwani ni timu mbili tu zilizokuwa zikipanda kila msimu, bingwa na mshindi wa mchujo. Mei 2023, katika fainali ya mchujo pale Wembley, Chesterfield iliongoza mara mbili dhidi ya Notts County, ikasawazishiwa mara mbili na kufungwa kwa penalti.

Wengi wangevunjika moyo. Msimu uliofuata Chesterfield ilitwaa ubingwa Machi 23, 2024, ikiwa na michezo kadhaa mkononi, na kumaliza na pointi 98, idadi ile ile aliyoipata Wigan miaka sita kabla. Msimu wa 2024/25, wa kwanza tangu kurejea, ilifika tena mchujo na kutolewa na Walsall.

Ubingwa katika daraja la tatu, la nne mara mbili, na la tano, kila mara akiwa amepewa timu iliyoanguka: hiyo ndiyo hesabu ya Cook. Hakuna makocha wengi wanaoweza kuonyesha vyeti hivyo, na bado hajawahi kuinoa timu ya Ligi Kuu hata siku moja.

Kwa mpenzi wa soka, somo la Wigan ni kwamba msimamo wa ligi hauonyeshi kila kitu. Unaonyesha michezo, mabao na pointi. Hauonyeshi nani anaimiliki klabu, anadaiwa kiasi gani, wala kama ana nia ya kulipa mshahara wa mwezi ujao. Wachezaji wa Cook walitimiza wajibu wao kwa michezo 46, na mwishowe kilichowashusha ni kile ambacho hawakuruhusiwa kukiona.