Kutoka Kazi ya Shule Hata Kazi ya Kujitegemea

Wako wazazi katika Musoma, Bunda na Butiama wamwonao kijana akikesha mbele ya kompyuta wakadhani anacheza, kumbe anaunda programu. Linus Torvalds, mwanafunzi wa Helsinki, aliianza Linux mwaka 1991 hivyo hivyo, kwa kupenda tu.

Lakini programu ya shule hutafuta alama. Mwalimu huitazama mara moja, basi. Ya mteja hutumiwa kila siku na mtu asiyejua ndani mna nini. Kwa hiyo kijana na aanze na duka la jirani, aweke hesabu ya mali iingiayo na itokayo. Mwenye duka atabonyeza pasipotazamiwa, umeme utakatika, hesabu ya siku nzima itapotea. Hapo atajifunza ambayo darasani hayakutajwa.

Akipata mteja wa ng'ambo, mapatano yaandikwe kwanza: kazi gani, itakwisha lini, na fungu gani la malipo litatangulia. Wengi huona haya kulitaja hili, wakafanya kazi bure. Tena majina na simu za wateja wa duka ni amana mkononi mwake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 humhusu hata fundi afanyaye kazi peke yake.